Mama Mkwe Alitaka Kumwona Twiga

Jumanne, 2 Septemba

Leo mama mkwe kanishtua. Niko kwenye mashine natoa fotokopi za vyeti vya dada mmoja anayeomba kazi ya uuguzi, nainua macho — huyo hapo mlangoni! Mkoba wake mweusi kaukumbatia kwa mikono miwili. Hajawahi kukanyaga dukani kwetu. Miezi minane nimechumbiwa na mwanawe, sijamsikia akitoa maneno kumi kwa mkupuo.

Nikamwamkia. Akaitikia. Bi Wino — bosi wangu wa dhahabu, vidole vyeusi tii kwa kujaza katriji — akamsogezea kiti. Hakukaa. Akasema Jumamosi nimpeleke bustani ya wanyama, ile kubwa ya jiji. Mimi na yeye tu.

Mama wa miaka sitini na nane, nyonga mbovu, bustani ya wanyama! Nikamuuliza, mama, kuna mnyama unayetaka hasa kumwona? Akafikiri kama mtu aliyebanwa na swali la mtihani.

"Twiga," akasema. Akaondoka zake.

Bi Wino kacheka mpaka kashika meza. Anasema hiyo ni dalili njema, nimeshaingia moyoni mwa bibi. Mama mkwe wake yeye alimtoa matembezi mara moja tu maishani — kwenda kung'olewa jino.

Jioni nikamwambia Mpole, mchumba wangu. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Mikono ikasimama. "Mama alikuja dukani kwako? Peke yake?" Ndiyo. "Kasema nini kingine?" Twiga, nikamwambia. Akamaliza kufunga kamba, akacheka, akasema atatupeleka mwenyewe kwa gari.

Harusi bado siku ishirini na tano. Nahesabu kama mtoto anayesubiri likizo!

Alhamisi, 4 Septemba

Mpole kanipigia mara tatu leo kuhusu safari. Nivae viatu gani. Mama asitembee juani. Halafu, kwa sauti ya chini: kichwa cha mama siku hizi si kizima. Anachanganya watu, anachanganya miaka. "Akikuambia mambo ya ajabu, wewe mwitikie tu. Usibishane naye, na usimfuatishe." Maskini. Sikujua. Nilidhani ni mkimya tu.

Mpole ni mtu wa kufikiria kila kitu. Mtaa mzima unamwita hivyo, Mpole, hata polisi wanaochukua matairi ya magari yao dukani kwake. Jeki iliwahi kumwangukia mguuni, akamwambia fundi wake, "Pole, umeshtuka?" Yeye ndiye aliyeshtukia kwamba kitasa cha chumba changu kibovu, akanunua kipya, akabaki na ufunguo mmoja kwa dharura. Nilipougua homa mwezi wa tano alikaa kando ya kitanda siku nne. Nina miaka thelathini na minne, sina mama, sina baba. Nani mwingine aliwahi kunikalia siku nne?

Na yule mke wake wa kwanza, hajawahi hata kumsema vibaya. Walishindwana, basi. Mwanamke akapata kazi ng'ambo, Mpole mwenyewe akampeleka uwanja wa ndege, akapunga mkono mpaka ndege ikapaa. Karatasi za talaka zikaja kwa posta. Mtu anayemsindikiza hivyo hata anayemkimbia!

Nimenunua biskuti za mama.

Jumamosi, 6 Septemba

Saa moja jioni. Nimekaa sakafuni bafuni, mlango nimefunga kwa ndani, bomba nimelifungulia. Nianze mwanzo, nisiruke kitu.

Mpole alitufuata saa tatu. Mama akakaa mbele, mimi nyuma. Njia nzima redio tu. Getini foleni ya wanafunzi wenye fulana za njano, mwalimu wao na filimbi. Mpole alikata tiketi zetu mbili, akasema yeye haziwezi harufu za humo, anarudi dukani, tukutane pale pale saa tisa. Akanipangusa uzi begani. "Simu iwe wazi," akasema.

Tukaingia. Mama anatembea polepole, kanishika mkono juu ya kiwiko — kwa nguvu, vidole vyake vikavu kama njiti. Spika juu ya nguzo ilikuwa inatangaza: mtoto kaokotwa karibu na viboko, kavaa viatu vya kijani, mzazi wake afike ofisini. Tukapita nyani. Wakatangaza tena. Tukapita tembo, mmoja tu, mgongo katupa watu. Wakatangaza tena. Baadaye wakaacha.

Tukafika kwa twiga. Mzuri! Kope kama za bi harusi. Nikasema, mama, huyo hapo mtu wako. Mama hakumtazama. Alikuwa anatazama njia tuliyotokea.

Simu: Mpole. Mko wapi? Kwa twiga. Mama amekunywa maji? Amekunywa.

Baada ya twiga kuna kizimba kitupu. Kibao kimeandikwa MNYAMA HUYU AMEHAMISHWA KWA MUDA, na tarehe — ya miaka miwili iliyopita. Mama akasimama hapo. Watu wanapita, yeye kasimama. Nikamwambia, mama, humu hamna kitu.

"Najua."

Simu tena. Mmefika kwa nani? Kizimba kitupu, nikamwambia. Akasema tusikae sana juani.

Mama akauliza nyumba ya nyoka iko wapi. Nikasema wewe mama, nyoka! Lakini alikuwa ameshaniburuta. Ukiingia mle ni giza, joto, harufu ya mbao mbichi na dawa ya kusafishia. Vioo kushoto na kulia, taa ndogondogo. Mwisho kabisa kuna benchi mbele ya chatu. Chatu hakusogea hata kidogo muda wote tuliokaa. Mama hakumwangalia. Aliangalia simu yangu.

"Imekufa?"

"Hapana, mama. Humu haina mtandao."

"Basi kaa."

Nikakaa. Na mama huyu ambaye maneno kumi yanamshinda — akaanza kusema, bila kupumzika, macho kwenye kioo. Naandika kama nilivyosikia.

"Wewe ni mkwe wangu wa pili ninayemkalisha kwenye benchi hili. Wa kwanza nilimleta nimwambie, amwache mwanangu, akimbie. Tukakaa hapa. Tukala biskuti. Nikashindwa. Ulimi ulikuwa mzito, nikamwambia twende nyumbani. Alikuja kwangu mara mbili baada ya hapo. Mara ya kwanza mvua inanyesha, yeye kavaa miwani ya jua. Mara ya pili taya halifungiki. Nikamwambia vumilia, mwanangu, ndoa ni kuvumilia. Nikampa chai. Nikamrudisha kwa mkono huu."

Akanionyesha mkono. Kama vile mkono ulikuwa wa mtu mwingine.

Nikakumbuka maneno ya Mpole: usimfuatishe. Nikasema, sawa mama, yameisha, si alikwenda ng'ambo? Akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha kichwa kilichofungwa fundo, ndani mfuko wa nailoni, ndani — pasipoti.

"Mwezi wa nne fundi wa rangi alisogeza kabati, chumba alicholala mwanangu zamani. Ilikuwa imebandikwa nyuma. Kwa utepe mweusi, ule wa mafundi umeme. Wewe unafanya kazi ya makaratasi. Niambie. Mtu anapandaje ndege bila hii?"

Nikaifungua. Mimi napiga picha za pasipoti kila siku, nazijua kama mchele. Mwanamke mwembamba, sikio moja limechanika kidogo tunduni. Kazaliwa mwaka mmoja na mimi. Muda wake bado haujaisha. Nikafunua kurasa. Nyeupe. Nyeupe mpaka mwisho.

Nikasema labda aliipoteza akapata nyingine.

"Labda."

Labda aliisahau.

"Nyuma ya kabati langu?"

Nikakasirika. Naona aibu kuandika lakini nilikasirika. Nikamwambia, mama, yule ni mwanao wa kumzaa, unanifanyia hivi kwa nini? Siku ishirini na moja kabla ya harusi! Alisema hivi tu: "Wazazi wake walipata meseji. Nimefika salama, msinitafute. Hakuna aliyesikia sauti yake. Mimi miaka miwili nasikiliza kama nitaisikia." Kisha: "Nilisema twiga kwa sababu ilibidi nitaje mnyama."

Akaisukuma pasipoti mikononi mwangu. Akasema amechoka kulala nayo. Sikuitaka. Nikaibana kiunoni, chini ya sweta. Sijui kwa nini sikumrudishia. Mkono ulitangulia kichwa.

Tukatoka. Jua likatupiga usoni. Na mbele ya mlango — Mpole. Kasimama, aiskrimu tatu mkononi, moja inamchuruzikia mpaka kwenye saa.

"Nimeona mmekawia," akasema. Anatabasamu.

Nilimuuliza ametupataje. Akasema simu yangu ilizima ghafla, akajua tumeingia mahali penye kuta nene, na penye kuta hizo humu ni hapa tu. Mtu aliyesema haziwezi harufu!

Tukala aiskrimu tumesimama. Ya mama ikamdondokea kidevuni. Mpole akatoa leso, akainua mkono kumpangusa — mama akafumba macho. Si kama mtu anayepanguswa. Kama mtu anayesubiri kofi. Nimeliona. Hata nikijidanganya mwaka mzima, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Na hatukuondoka! Alitaka sasa kuona kila kitu. Simba, mamba, ndege, mpaka wale panya wakubwa. Saa mbili nzima. Kila hatua ile pasipoti inanikwaruza tumboni. Akatupiga picha mbele ya bwawa: "Sogeleaneni. Mama, tabasamu." Kaniletea picha kwenye simu, chini kaandika, *Wanawake wangu wawili*. Mimi nimeshika tumbo kama mjamzito.

Tulipolifikia gari akasema mama anywe dawa ya presha. Akauchukua mkoba. Dawa ilikuwa juu kabisa, niliiona. Akaitoa, akaendelea. Kitambaa, chanuo, kitambulisho, peremende, funguo — kimoja kimoja akavipanga juu ya boneti. Akafungua zipu ya ndani. Akapapasa bitana. Kisha akavirudisha kimoja kimoja, kwa mpangilio ule ule, akafunga, akampa mama mkoba wake.

"Umebeba vitu vichache leo, mama," akasema.

Jumapili, 7 Septemba

Mvua. Nimelala kidogo sana. Asubuhi nilijiambia: pasipoti ni kijitabu tu. Watu hupata nyingine. Mama mzee, kichwa kimechoka, mwana kamkosea zamani huko na sasa anamlipizia. Nikajiambia hivyo nikipiga mswaki. Nikajiambia tena nikichemsha chai. Ukilazimika kujiambia jambo mara tatu kabla ya saa mbili, basi!

Nimeificha ndani ya boksi la karatasi za A4, katikati ya rimu. Nimempigia mama. Simu yake imezimwa.

Saa tano Mpole akaja na fundi. Sikumwita. Wakaweka komeo la pili mlangoni, la nje. Nikauliza, la nje la nini? "Wezi," akasema. "Ukiwa kazini." Fundi hakuniangalia. Alipomaliza Mpole akalijaribu: akatoka, akalifunga, mimi ndani. Nikasikia chuma kikiingia. Nikahesabu. Nilifika kumi na tisa ndipo akafungua.

"Linafanya kazi," akasema.

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Jumatatu, 8 Septemba

Sikumwambia Bi Wino kwa maneno. Nilifika nimebeba rimu kwapani, nikaichomoa pasipoti nikaiweka mezani. Akavaa miwani. Nikamsimulia, mlango tumeufunga nusu, kibao cha TUNARUDI SASA HIVI tumekining'iniza.

Kisha nikakumbuka. Mwezi jana nilitoa hapa hapa nakala za karatasi za talaka ya Mpole, za kupeleka kwa msajili wa ndoa. Nakala moja ilitoka imefifia, nikaitupa kwenye boksi la karatasi mbovu, zile tunazoandikia nyuma. Tulipekua boksi lote. Ipo! Nyuma yake Bi Wino kaandika hesabu ya kalamu.

Tukaziweka sahihi mbili kando kwa kando. Ya pasipoti imelalia kushoto, ya haraka, mwisho ina mkia kama wa mjusi. Ya talaka inafanana, mkia upo. Lakini imesimama. Nzito. Bi Wino akachukua lenzi yake ya kukagulia picha, akainama muda mrefu. Miaka ishirini na sita anashika karatasi za watu.

"Aliyeandika hii hakuwa anasaini," akasema. "Alikuwa anachora."

Tukatoa nakala, rangi, kila ukurasa hata zile nyeupe. Bi Wino kazifungia kwenye kabati la lamineti. Funguo kavaa shingoni. Kaniambia nisirudi kulala kwangu. Nikasema nikikosekana leo atajua. Nitulie kwanza, nifikiri.

Jioni Mpole alinifuata kunisindikiza. Tunatembea. Nikaona nijaribu, kwa mbali. Nikasema leo nimepiga picha za pasipoti kumi na moja, watu wanasafiri! Labda na sisi baada ya harusi nipate yangu.

"Ya nini?" akasema. "Wewe huendi popote."

Tukapita duka la viatu. Tukapita kinyozi. Akanishika mkono, akaupapasa kidole kimoja kimoja. Kisha bila kubadili sauti:

"Mama alikuonyesha nini kule ndani?"

"Kobe," nikasema.

"Kobe hayupo kwenye nyumba ya nyoka."

"Yupo. Mdogo. Kwenye kona."

Akaniangalia mpaka tukafika mlangoni kwangu. Akasema labda Jumamosi twende tena, wawili, nimwonyeshe huyo kobe.

Jumanne, 9 Septemba

Nilikwenda kwa mama wakati wa chakula cha mchana. Kufuli mlangoni. Jirani yake, mshonaji, aliniambia bila kusimamisha mashine: mwanawe alimchukua Jumapili saa mbili asubuhi. Anampeleka akapumzike. Wapi? Hakusema. Alibeba mfuko mmoja mdogo. "Bibi hakuaga," akasema mshonaji. "Na bibi huyu huaga hata akienda dukani kununua chumvi."

Nikachungulia dirishani. Kitanda kimetandikwa. Miwani yake iko mezani. Na kabati — limesogezwa mbele, ukuta wa nyuma uko wazi.

Mpole kaniambia kwenye simu mama yuko salama, yuko na wauguzi, hapokei wageni. Nikamuuliza jina la mahali. Akasema nitapelekwa muda ukifika.

*Nitapelekwa.*

Nalala kwa Bi Wino. Nimemtumia Mpole meseji kwamba kuna kazi ya haraka, vitabu vya shule mia mbili. Kajibu: *Sawa mpenzi.* Baada ya dakika moja: *Nimepita, duka limefungwa.*

Jumatano, 10 Septemba

Kituo cha polisi. Si kile cha mtaani kwetu. Hicho wanachukua matairi kwake, mimi si mjinga. Nimepanda mabasi mawili mpaka upande wa pili wa jiji, mahali nisipojua mtu. Bi Wino alitaka tuje wote. Nikasema hapana, mmoja lazima abaki na zile nakala. Akasema haya, lakini asiponisikia anafunga duka, na saa sita atakuwa kituoni na bahasha ya zile nakala, na atapiga kelele barabarani mpaka wamsikie. Bi Wino akisema atapiga kelele, hupiga.

Naandika nikiwa kwenye benchi la ukutani. Daftari hili natembea nalo sasa. Saa ya ukutani inasema saa tano na dakika tano.

Afande wa kaunta ni mtu wa makamo, mstaarabu, karatasi zake kazipanga vizuri. Nilimweleza yote. Sikulia. Nikamwekea pasipoti, nikamwekea karatasi ya talaka, nikamwonyesha sahihi. Alisikiliza. Aliandika jina langu, akauliza herufi moja moja. Akaandika jina la kwenye pasipoti. Hapo kalamu ikasimama. Akasema dakika moja, akaingia chumba cha nyuma, pasipoti mkononi. Nikamsikia anaongea na simu. Sikusikia maneno. Nikasikia anacheka kidogo, kile kicheko cha kumheshimu mtu.

Alirudi amefurahi.

"Umefanya vizuri sana kuileta, dada. Ilitolewa taarifa vituo vyote tangu Jumapili. Imeibwa."

Nani katoa taarifa?

"Mwenye mali. Mama yake mzazi si mzima wa akili, alichukua nyaraka za familia akazigawa. Mwenyewe hana ubaya, hataki kesi na mtu. Weka sahihi hapa kwamba umeirudisha."

Sikuweka. Nikamuuliza: na mwenye picha yuko wapi?

"Nani?"

"Huyu. Mwenye pasipoti."

Akaifungua, akamtazama yule mwanamke. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama. Akatazama kurasa mbili tatu nyeupe. Akafunga.

"Hiyo si taarifa tuliyopewa," akasema.

Nikasema basi mimi natoa taarifa hiyo sasa. Mwanamke huyu hajulikani alipo. Na mama mkwe wangu hajulikani alipo. Andika. Akaishika kalamu. Akaiweka. Akasema kwa upole kwamba mwenzangu yuko njiani, alikuwa ananitafuta kwa wasiwasi, kasema siku hizi sijisikii vizuri kwa mawazo ya harusi, nisiachwe niondoke peke yangu. Nikae tu pale, shemeji. Shemeji! Hanijui, simjui, nimeshakuwa shemeji.

Niliomba kwenda chooni. Askari wa kike alinisindikiza, akasubiri mlangoni, akanirudisha. Simu yangu nayo wanayo, eti inachajiwa.

Saa tano na dakika ishirini na tano. Gari nje. Naujua mlio wake.

Ameingia. Shati jeupe. Kampa afande mkono, kauliza habari za watoto, kasema ile gari ya doria nje tairi la mbele kushoto limelika upande, wailete ataliona. Nyuma yake — mama! Anatembea kwa kushikilia ukuta. Gauni lile lile la Jumamosi. Bila miwani hanioni vizuri, anageuza uso huku na huku. Nikaita, mama, niko hapa! Akageukia sauti.

Afande amempa Mpole pasipoti. Mkononi, hivi hivi. Ameifuta vumbi lisilokuwapo, ameiweka mfuko wa shati, amefunga kifungo. Sasa amekaa kwenye benchi, kati yangu na mama. Goti lake linagusa goti langu. Harufu ya sabuni.

Afande kamwambia shemeji bado hajaweka sahihi, anaandika andika tu. Nilidhani atanipokonya daftari. Hakuligusa. Amekunja mikono, ameegemea ukuta, amesema niachwe nimalize ninachoandika. Hana haraka.

Basi naandika. Saa sita kasoro dakika ishirini na mbili. Naandika herufi kubwa kubwa, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ukuta ni wa kijani mpaka kiunoni, juu mweupe. Kaunta ina kalamu tatu. Mlango uko wazi. Mama mkono wake umepita nyuma ya mgongo wa mwanawe, kwenye benchi, unapapasa mbao, unakuja upande wangu. Nimeushika. Mpole ameuhisi. Hajageuka. Dakika ishirini mpaka saa sita. Naandika tena.